Kushuti filamu ndefu ukiwa Arua bila pesa: njia niliyoiiba kwa Lav Diaz

Vijana hapa Arua, mji wa kaskazini magharibi mwa Uganda, wakisikia nimemaliza filamu ya saa tatu na kitu, swali la kwanza ni hela nilitoa wapi na la pili ni kamera gani. Hakuna anayeuliza ilichukua muda gani, na hilo ndio swali lenyewe. Ilichukua mwaka mmoja na miezi minne, Jumapili kwa Jumapili, sababu siku zingine kila mtu ana kazi yake. Njia yenyewe nimeiiba kwa mwongozaji wa filamu Mfilipino anaitwa Lav Diaz, na naiandika hapa kwa yule aliye mbali na Kampala na hana mtu wa kumpa hata shilingi.

Mjue kwanza huyo mzee. Alizaliwa 1958 Mindanao, kule kusini mwa Ufilipino, mtoto wa walimu, kijijini ndani kabisa. Usidhani alianza akiwa huru. Mwisho wa miaka ya tisini alikuwa anaongozea kampuni kubwa ya Manila filamu zile waliita pito-pito, yaani saba-saba, siku saba za kushuti na bajeti ya njaa, nani hapa hajafanya kazi ya hivyo. Kumbe pembeni ana filamu yake mwenyewe aliianza 1994 na mikanda ya zamani ya milimita 16, pesa ikiisha anasimama, ikipatikana anaendelea, mwisho akaimalizia na kamera ya dijitali na ikatoka 2004 ikiwa na urefu wa saa 10 hivi. Mtoto anayeigiza mle anakua kweli ukimwangalia, si mekapu. Baadaye ndio sifa zikaja, 2014 tuzo kuu, Chui wa Dhahabu, kwenye tamasha la filamu la Locarno, 2016 tuzo kuu, Simba wa Dhahabu, kwenye lile la Venice na filamu yake Ang Babaeng Humayo, dakika 226, nyeusi na nyeupe, na humo yeye ndiye mwandishi, yeye ndiye mshika kamera, yeye ndiye aliyeediti.

Mimi nikasoma hayo nikasema huyu alikosa pesa akatumia muda. Na muda hapa tunao, bana.

Sasa tuanze kazi. Hadithi itafute nyumbani, ile ambayo mtu wa Kampala hawezi kuisimulia bila kukuuliza wewe. Ile filamu ya Diaz iliyoshinda Locarno ni kijiji kimoja tu, mambo yanavyoharibika polepole kabla rais wao Marcos hajatangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972. Basi na sisi West Nile, mkoa wetu huu, tuna 1980, baada ya Amin kupinduliwa, watu walivyokimbilia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan, kila nyumba ina nyanya anayejua walipita njia gani na walilala wapi na nani hakurudi. Nenda ukae naye. Usitoe simu siku ya kwanza, peleka sukari na sabuni, kaa, sikiliza, rudi tena, siku ya tatu ndio uombe ruhusa ya kurekodi. Mimi siku ya kwanza nilitoa simu haraka nyanya akaniambia kwa upole "mwanangu, hiyo ya serikali ama?" na hakuongea tena mpaka wiki iliyofuata.

Skripti usiandike kurasa mia. Andika matukio, kila moja sentensi mbili, nani yuko wapi na anataka nini, maneno yenyewe utayaandika asubuhi ya kushuti. Diaz mwenyewe anajulikana kuandika hivyo, siku kwa siku, na mimi mwanzo niliona ni uvivu, kumbe ni akili, sababu Jumapili unafika unakuta mama uliyemtegemea ameenda msibani Koboko, mvua imenyesha, ile nyumba uliyoipenda wamebandika bati jipya linang'aa. Skripti ngumu inavunjika hapo. Ile laini inapinda.

Waigizaji chukua watu wa hapo hapo, lakini mkubaliane nauli na chakula mapema na ulipe siku ileile kwa mobile money ukiwa bado mbele yao. Na usisahau mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, nenda kwake kabla hujashuti chochote, mweleze, kama kuna askari ama bunduki ya mbao kwenye hadithi pitia na polisi pia. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, wenzetu wanashuti filamu za mabunduki ya vyuma chakavu na watu wa mtaa wameshazoea, huku mtu akikimbia na kitu kinachofanana na bunduki ya SMG utaona vumbi tu.

Haya, kamera. Kamera yoyote ya mtumba, hata simu nzuri, cha maana ni stendi nzito isiyotikisika. Mtindo wa Diaz ni kuweka kamera mahali pamoja, mbali kidogo, na kuacha tukio liishe lenyewe, dakika tano, kumi, hata zaidi. Watu wanasema ni sanaa ngumu. Mimi nasema pia ni bei rahisi! Ukikata kata tukio moja mara kumi na mbili unahitaji taa zilingane mara kumi na mbili, jua lisisogee, mwigizaji akumbuke kikombe kilikuwa mkono gani. Shoti moja ndefu haina hayo yote. Ina shida nyingine, kwamba mtu mmoja akikosea mnarudia yote, kwa hiyo fanyeni mazoezi asubuhi nzima bila kurekodi, alafu rekodini mara mbili au tatu tu.

Hapa kuna mtego, soma vizuri. Kamera nyingi za zamani za picha zinajizima zenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59, na zingine zinakata mapema zaidi faili likifika GB 4, kama dakika 12 hivi. Jaribu yako nyumbani kabla. Simu nayo ikikaa juani inachemka inazima, iwekee kivuli cha mwavuli. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inavyopokea mwanga kila fremu) 1/50 ya sekunde, sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa za ndani hazitapepesa pepesa kwenye picha.

Nyeusi na nyeupe sikuchagua kwa maringo. Nilikuwa na kamera moja ya kwangu na nyingine ya kuazima na rangi zao hazikupatana hata kidogo, moja inatoa uso mwekundu nyingine kijani. Ukitoa rangi ugomvi unapungua sana. Lakini jua letu la saa saba mchana linaua, nyuso zetu zinakuwa shimo jeusi na ukuta unakuwa karatasi, kwa hiyo shuti saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi, alafu tena kuanzia saa kumi jioni, katikati kuleni mihogo mpumzike. Mwanga upimie usoni, mbingu ikiwa nyeupe yote basi na iwe.

Sauti. Banange, sauti. Hapa ndio filamu zetu nyingi zinafia na hata mimi ya kwanza ilifia hapa. Mtu atavumilia picha mbaya dakika kumi, sauti mbaya hamalizi dakika mbili, na kwenye shoti ndefu hakuna pa kujificha. Usitegemee maiki ya kamera iliyo mita kumi. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ichomeke kwenye simu yoyote ya zamani, weka simu mfukoni kwa mwigizaji iwe inarekodi, washa airplane mode isije ikaita, alafu piga makofi mara moja mbele ya kamera ili baadaye ulinganishe. Upepo unazuiwa na sponji na kipande cha manyoya ya bandia, fundi wa viti atakupa bure. Kabla ya kuondoka kila mahali nyamazeni wote dakika mbili nzima mrekodi pale palivyo, wadudu, majani, jenereta ya mbali, hiyo ndio itaziba mashimo wakati wa kuediti. Kuhusu boda hakuna dawa, weka kijana barabarani awaombe wazime injini wateremke tu, wengi watakubali ukiwaita bosi.

Ukirudi nyumbani usilale kabla hujakopi, kopi mbili, na ya pili ikalale nyumba nyingine. Nasema hivi sababu mimi nilipeleka hadidiski kwa fundi mmoja mjini "aisafishe kidogo" na akaisafisha kweli, Jumapili sita zikaenda. Nilikaa mwezi mzima sitaki hata kuona stendi. Tulizishuti upya na yule nyanya kwenye tukio la mtoni akawa ameshakonda, ikabidi niongeze mstari kwamba alikuwa mgonjwa, na sasa watu wanasema ndio sehemu nzuri kuliko zote.

Kuediti tumia programu ya DaVinci Resolve ile ya bure, tengeneza faili ndogo za proksi, nakala nyepesi za kueditia, kama kompyuta yako inakohoa. Kazi ya kuediti filamu ya hivi si kukata, ni kujua shoti ianze wapi na uiache lini. Mimi nilikuwa nakata pale mtu anapotoka kwenye fremu, siku hizi naacha sekunde chache za njia tupu, na mara nyingi hapo ndipo kuku anapita.

Manukuu fanya mwenyewe na programu ya Subtitle Edit, ni bure. Yetu watu wanaongea Kilugbara na Kiswahili, tukaweka manukuu ya Kiingereza, na usiiweke YouTube bado, matamasha mengi yanataka kuwa ya kwanza kuionyesha. Kuna Uganda Film Festival ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, tangu 2013, anzia nyumbani. Za nje nyingi zinadai ada ya kutuma, chagua mbili tatu tu.

Na kama unaona umri umeenda, Brillante Mendoza, Mfilipino mwingine, alikuwa msanifu wa mandhari ya matangazo miaka na miaka, filamu yake ya kwanza ilitoka 2005 akiwa anagonga 45, na 2009 tamasha la Cannes likampa tuzo ya mwongozaji bora.

Mwisho ionyeshe kwa wenye hadithi. Nilikodi kibanda cha video Jumatano, siku haina mpira, mwenye kibanda akaniuliza VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti, ni nani nikamwambia hakuna VJ, akanicheka akachukua hela. Vijana walitoka baada ya nusu saa. Walibaki wazee kumi na moja, na kwenye shoti ya lori linalovuka kwenda Vurra mpakani, dakika nane nzima, mzee mmoja akasimama akasema simamisha, hilo lori si lenyewe, la 1980 lilikuwa jekundu na hili ni la bluu. Nikamwambia mzee, filamu haina rangi. Akasema rangi sioni, lakini hilo lori ni la shemeji yangu na ni la bluu. Wakaanza kubishana ni lori la nani lilibeba watu mwaka ule na lilisimama wapi, na mimi nikatoa simu nikaanza kurekodi sauti, sababu hiyo sasa ndio filamu ya pili.