Jinsi ya Kutengeneza Kinyago cha Bauta kwa Karatasi

Mafundi wa vinyago wa Venice, nchini Italia, walikuwa na kanuni za chama chao tangu mwaka 1436. Kanivali ya mji huo, yaani sherehe ya kila mwaka ambapo watu huvaa vinyago, ilififia baada ya Jamhuri ya Venice kuanguka mwaka 1797, ikafufuliwa mwaka 1979, na ufundi huu ukafufuka pamoja nayo. Anayeanza namshauri aanze na bauta, kinyago cheupe kisicho na mdomo, ambacho sehemu yake ya chini imechomoza mbele ili mvaaji aweze kula na kunywa bila kukivua.

Finyanga kwanza uso huo kwa udongo, ukihakikisha kwamba hakuna sehemu inayojikunja kuelekea ndani, kwa kuwa hapo ndipo kinyago kitakaponasa wakati wa kukitoa. Umiminie plasta juu yake, na ikishakauka uondoe udongo wote. Shimo linalobaki ndilo kalibu yako, nayo itakutolea vinyago vingi.

Paka ndani ya kalibu mafuta ya mgando, kwa wepesi. Kisha chukua karatasi nene inayonyonya maji, isiyong'aa, uichane kwa mkono badala ya kuikata kwa mkasi, maana kingo zilizochanika huungana bila kuacha mstari. Hatua inayofuata ndiyo kiini cha kazi yote. Tabaka la kwanza, linalogusa plasta, ndilo litakalokuwa uso wa nje, kwa hiyo kila kipande kilichoroweshwa kikandamizwe kwa ncha za vidole hadi kiingie pembeni mwa pua, kwenye nyusi na chini ya mashavu, pasibaki kiputo cha hewa. Tabaka la pili lipakwe gundi nyeupe ya seremala iliyoongezwa maji kidogo, au gundi ya unga wa ngano, na vipande vyake vipishane na vile vya chini.

Kiache kikauke polepole kivulini. Moto hukipinda, na kinyago kilichopinda hakinyooki tena. Kikikauka, kilegeze ukingoni na kukivuta taratibu, kisha utoboe macho kwa wembe mkali baada ya kupima nafasi iliyopo kati ya macho ya mvaaji.

Chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi hupakwa mara kadhaa, na kila mara husuguliwa kwa msasa laini hadi karatasi isionekane kabisa, ndipo rangi nyeupe ifuate. Upande wa ndani upakwe vanishi ili jasho lisiulainishe. Toboa matundu mawili usawa wa paji, ufunge utepe mweusi, kisha mvaaji ajaribu kunywa maji akiwa nacho usoni: kikombe kikigonga ukingo wa chini, upunguze kwa wembe na kuupaka rangi upya.