Kabla hujapaa na ndege ya kivita kwenye simyuleta

Nimeona watu wakinunua joistiki, ule mpini wa kurushia ndege ya kwenye kompyuta, leo na kuiuza kabla mwezi haujaisha. Kipaji walikuwa nacho, lakini walirukia. Kwa hiyo acha kwanza kuwasha injini, kaa hapa tuongee.

Kompyuta. RAM ya gigabaiti 16 itakufanya uombe dua kila ramani inapopakiwa. 32 ndiyo utulivu. Mchezo uweke kwenye SSD yenye zaidi ya gigabaiti 100 tupu, maana ramani zinajaza. Imeisha hiyo.

Ndege. Chagua moja. Simyuleta ya DCS World, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga ndege halisi, unaipakua bure na inakuja na ndege mbili: Su-25T ya kushambulia ardhini, na TF-51D, yaani Mustang ya Vita vya Pili vya Dunia isiyo na silaha. Zinatosha kukuonyesha kama mambo haya unayataka kweli au ulipumbazwa na video. Nyingine nyingi unaweza kuzijaribu siku 14 kabla ya kutoa hela, basi zijaribu. Ukitaka F-16 na vita inayoendelea hata wewe ukiwa chini, kuna simyuleta nyingine, Falcon BMS, ila lazima uwe na mchezo wa Falcon 4.0 wa mwaka 1998. Usinunue ndege nne kwa sababu kuna punguzo. Mimi nina helikopta ya Mi-24 ambayo hadi leo sijaweza kuiwasha bila kuchungulia karatasi, na pesa yake nilishailipa kitambo.

Joistiki ya kawaida yenye mpini unaozungushika inatosha kuanzia. Pesa ikibaki, nunua kwanza kifaa cha kufuatilia kichwa, kwa sababu adui yuko nyuma ya bega lako na huwezi kumpiga usiyemwona. Pedali za miguu zisubiri.

Kuhusu pedali nitakaa kidogo, maana hapo ndipo nilipoungua.

Zangu zilipofika nilizichomeka, nikaingia kwenye Mustang, nikasukuma mguu wa kulia, nikaona usukani wa mkia unaitikia. Nikasema basi, zinafanya kazi. Niliangalia kama zinafanya nilichotaka. Sikuangalia zinafanya nini kingine.

Kisirani cha kwanza kilikuwa breki. Nikasukuma throto, yaani mkono wa nguvu za injini, ndege haikusogea. Nikaongeza. Mkia ukanyanyuka, pua ikainama, mapanga manne ya propela yakachimba lami. Hilo nililitatua usiku uleule: mihimili ya breki, yaani njia zinazopeleka mwendo wa mguu kwenye simyuleta, ilikuwa imegeuka, ukiondoa mguu inashika, ukikanyaga inaachia. Kuna kisanduku cha kuigeuza, unakitia alama, kwisha. Nikajiona fundi.

Nikapaa. Sasa Mustang kwa asili yake inavuta kushoto. Propela kubwa, nguvu nyingi, mwendo bado mdogo, pua lazima iende kushoto. Ndiyo maana kabla ya kuondoka unaweka trimu (egemeo linalobaki bila kushikilia) ya usukani wa mkia digrii 5 au 6 kulia, na throto unaisogeza polepole. Haya yote nilikuwa nimeyasoma na yote ni kweli. Balaa ni kwamba nilipokuwa na sababu nzuri mkononi, kila tatizo nikalitumbukiza humo. Nikiwa hewani nikisukuma pedali kwa ncha ya kiatu badala ya unyayo, ndege inapigwa kofi: bawa linaanguka ghafla, halafu nikitikisa joistiki linarudi. Nikasema hiyo ni torki, ule msokoto wa propela. Likarudia wakati wa kutua, nikasema nimepunguza mwendo mno. Nikagundua kwamba nikiwa naikoroga joistiki muda wote, mduara mdogo mdogo usiokoma, kofi haliji. Nikajizoesha kukoroga. Nikafika hatua ya kuwafundisha wenzangu: "Mustang ni farasi mkorofi, usimwachie hatamu hata sekunde." Waliniamini, masikini.

Baada ya wiki kama tatu nikahamia Su-25T. Injini mbili za jeti, hakuna propela, hakuna torki. Nikaondoka vizuri, nikanyoosha mguu, kofi lilelile. Nikakosa wa kumsingizia.

Ndipo nikafungua jedwali la mihimili, ambalo sikuwahi kulifungua tangu siku ya pedali. Kwenye mstari wa kulaza ndege kushoto na kulia, safu ya joistiki ilikuwa na mhimili X, kama inavyotakiwa. Safu ya pembeni yake, ya pedali, nayo ilikuwa na X. Hiyo X ya pedali ilikuwa breki ya mguu mmoja. Simyuleta ikiona kifaa kipya hukigawia mihimili yenyewe, na kwangu ilikuwa imemkabidhi mguu kazi ya mkono. Mguu na mkono walikuwa wakigombania ndege moja, na aliyesogea mwisho ndiye aliyesikilizwa. Kumbe kule kukoroga kulisaidia kwa sababu mkono ulikuwa hauachi kusogea! Nilifuta visanduku vitatu. Haikufika dakika moja.

Mkono ndio uliogoma kusahau. Miezi baadaye, nikiwa na F/A-18C nyuma ya ndege ya mafuta, kikapu cha mwisho wa mpira wake kiko mita mbili mbele ya bomba langu la kupokelea, mkono unakoroga. Kikapu kinanipita kulia, kinanipita kushoto, kinanigonga kioo. Kujaza mafuta angani kunataka mkono uliotulia kabisa, na wangu nilikuwa nimeufundisha wasiwasi kwa bidii zangu mwenyewe.

Basi fanya hivi kabla hujapaa mara ya kwanza. Fungua jedwali la mihimili, pita mstari kwa mstari. Kulaza, kuinua pua, kugeuza pua, throto, breki ya kushoto, breki ya kulia: kila mmoja uwe na kifaa kimoja tu. Visanduku vingine vyote futa, vikiwemo vya kifaa unachodhani hakihusiki. Kisha ingia ndegeni, kwenye DCS bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter, kitatokea kichoro kidogo kinachoonyesha usukani ulipo. Sogeza kitu kimoja kimoja huku vingine vyote umeviachia, utazame nini kingine kinacheza. Ndege mpya ukiinunua, rudia yote, kwa sababu kila ndege ina jedwali lake. Waya wa USB usiuhamishe tundu kiholela. Kifaa kinaweza kuonekana kigeni na mipangilio ikapotea. Ukishamaliza, nakili folda ya mipangilio uiweke mahali pengine.

Tuendelee. Usianze na ndege iliyozimwa. Anzia hewani, injini inanguruma, ujifunze kwenda mbele bila kupanda wala kushuka, kugeuka bila kupoteza kimo, kutua. Swichi zitakusubiri. Ukifika kwenye kuwasha kutoka baridi, chapisha orodha ya hatua kwenye karatasi na uifuate kwa kidole. Kwenye F-16 mfumo wa kujua ndege iko wapi huchukua dakika kama 8 kujipanga kwa njia kamili. Muda huo ndege isisogee hata kidogo, na kabla ya kuachia breki uhakikishe umezungusha kitufe cha mfumo huo hadi NAV. Wengi hukisahau, kisha wanashangaa ramani inawaonyesha wako baharini.

Vipimo navyo. Ndege za Marekani zinahesabu noti na futi, za Kisovieti kilomita kwa saa na mita. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa, kwa hiyo 250 ya huku si 250 ya kule hata kidogo. Halafu kwenye ndege nyingi za Kisovieti, kile kidude cha upeo kinalaza mchoro wa ndege na kuacha upeo umesimama, kinyume cha zile za Magharibi. Ukiingia mawinguni hujalizoea hilo, utajilaza upande usio sahihi ukiwa na uhakika kabisa kwamba unajinyoosha.

Kutua F-16, ifikishe pua digrii 13 ya pembe ya hewa, yaani pembe kati ya ndege na hewa inayoijia, isizidi 15, la sivyo utaburuza bomba la injini kwenye lami. Kutua juu ya meli kusiwe somo lako la wiki ya kwanza, nakuomba. Likifika, kumbuka throto inakwenda mbele kabisa mara magurudumu yanapogusa, maana ukikosa waya wa kuinasa ndege huna sitaha ya kubahatisha.

Mapigano ni ya mwisho. Mioto ya udanganyifu ni kwa kombora linalofuata joto, vipande vyembamba vya alumini ni kwa linalofuata rada. Ukivichanganya utakufa na mzigo mzima bado tumboni.

Mengineyo: nyaraka. Ukianza kupenda sana utatafuta vitabu halisi vya ndege halisi. Soma vilivyoruhusiwa, vyenye alama ya kuzuiwa viache huko huko. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder, mchezo wa vita wa mtandaoni, alianika nyaraka za kifaru Challenger 2 cha Uingereza ili tu ashinde ubishi. Usiwe yeye. Miwani ya uhalisia pepe ukiivaa mara ya kwanza, dakika 15 zinatosha. Kichefuchefu kikianza vua palepale, ukijikaza kitakaa nawe hadi jioni. Kunywa maji. Usirushe ukiwa na usingizi, utajifunza makosa tu. Mikanda ya vipokea sauti usiikaze sana.

Na kiti. Kikiwa na magurudumu, kifunge au kiwekee kizuizi nyuma kabla hujaanza. Ukisukuma pedali kwa nguvu kwenye upepo wa ubavu, ndege itabaki palepale na wewe utarudi nyuma hadi ukutani, joistiki ikiwa bado mezani.