Pasaka ya Kiyahudi: waache watoto wakande unga

Mwalimu wa watoto, ukifika Kutoka 12 leta unga na maji darasani. Wayahudi wanapotengeneza matza, mkate usiotiwa chachu, huhesabu dakika 18 tu tangu maji yaguse unga hadi uokwe, usije ukaumuka. Weka saa mezani, waambie, "Tunatoka Misri sasa hivi!" Utaona vidole vilivyojaa unga vikikanda mbiombio na kutoboa chapati kwa uma. Kwenye moto simama wewe.

Kisha kila mtoto achovye kipande cha kiazi cha kuchemsha kwenye maji ya chumvi: hayo ni machozi ya utumwani. Nyuso zikikunjamana, usikimbilie kueleza. Subiri waulize, hata usiku wa Seda, yaani mlo wa ibada wa Pasaka ya Kiyahudi, kwa desturi, mtoto mdogo ndiye anayeuliza kwanza.