Kamba wa tangini: amua cha kutandika chini kabla ya kununua chujio

Ukitaka kufuga kamba wadogo kwenye tangi la kioo, usikimbilie chujio kabla hujaamua utatandika nini chini. Vitu hivi viwili vinategemeana.

Kamba wa jamii ya Neocaridina, wakiwemo wale wekundu wanaojulikana sana, hawana makuu: mchanga au changarawe isiyobadilisha maji inawatosha. Wenye kuchagua ni wa jamii ya Caridina. Wengi wao hupenda maji laini, yaani yenye madini machache, na yenye asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) 6 hadi 6.5 hivi, na udongo maalumu wa punje ndio unaoishusha pH na kuishikilia hapo. Usiuchanganye na matumbawe yaliyosagwa. Yanaipandisha, utakuwa unavuta kamba ncha zote mbili.

Sasa, punje hizo ukizibana kwa vidole zinapondeka. Ndiyo maana sishauri chujio la kulazwa chini ya udongo: tope huziba njia, na kulisafisha ni kufumua tangi zima. Chujio la sponji la pampu ya hewa linatosha kabisa. Vitoto vya kamba, vyenye milimita 2 hivi, havinyonywi. Utaviona vimetapakaa juu ya sponji vikidonoa utando wa vijidudu ulioota hapo. Chujio la nje nalo si baya, ila mdomo wake wa kunyonya maji uvalishe sponji.

Sponji ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba yenye klorini, inayoua bakteria wanaosafisha maji.

Udongo mpya mara nyingi hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa kamba, wiki za mwanzo. Usiingize kamba mpaka vipimo vya amonia na nitriti (sumu nyingine) vyote visome 0.