Skrubu za kutu kwenye mashine ya keki ya zamani, jinsi nilivyozitoa

Wakuu habari za Moshi. Shangazi yangu wa Machame kanipa Kenwood Chef yake, ile nzito ya Muingereza, ilikuwa stoo juu ya magunia ya mahindi miaka na miaka. Nimeichomeka ikazunguka vizuri halafu ikatoa moshi, na zile za miaka ya 70 na 80 kapasita (kifaa kidogo ndani kinachotunza chaji ya umeme) zikizeeka ndo huwa hivyo, kwahiyo lazima kuifungua. Skrubu za chini sasa! Kutu tupu, na ya kwanza nimeiharibu mwenyewe kwa haraka zangu.

1. Chomoa kwenye umeme, usiniambie umezima swichi. Kisha chukua msumari mwembamba ukwangue kichwa cha skrubu, mle huwa kumejaa unga na mafuta yaliyoganda kama simenti, bisibisi inakalia uchafu badala ya chuma, ukizungusha tu kichwa kinalika.

2. Bisibisi iwe saizi yake. Angalia skrubu ya nyota, ukiona vimistari vinne vidogo katikati ya mikono ya msalaba hiyo ni Pozidriv, ile Phillips ya kawaida itaingia lakini haikai. Hapo ndo niliponaswa.

3. Weka WD-40 (mafuta ya kulegeza kutu), tone tone, isifike kwenye mota, halafu ondoka. Mimi niliweka jioni, asubuhi nikaongeza, nikagusa jioni yake. Mafuta ya taa pia yanasaidia ila taratibu. Mafuta ya breki wanayopenda watu wa gereji yaache, yanababua rangi.

4. Simamisha bisibisi kwenye skrubu, gonga kitako chake na nyundo ndogo mara kumi hivi, bila hasira, maana bodi ni alumini ya kumimina na inapasuka. Kisha KAZA kidogo kwanza ndo ufungue. Ukisikia "ka!" imeachia, nenda robo, rudi, ongeza mafuta, nenda tena.

5. Ikigoma, joto. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwahiyo unapasha bodi kuzunguka skrubu, sio skrubu yenyewe. Futa WD-40 kwanza maana inashika moto! Nilitumia drayer ya nywele ya wife kama dakika kumi hivi, kelele zake nimezisikia hadi leo (za wife).

Ile niliyoiharibu nilichonga mfereji mpya kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikaifungua na bisibisi flati.

MASWALI

— Mkuu kama kichwa kimezama ndani, msumeno haufiki?
Toboa kichwa kwa drili, biti unene wa shina la skrubu, kitang'oka chenyewe. Toa kava, kisiki kitakachobaki utakishika na vaisgripu (koleo la kujifunga).

— Kaka mimi wa Sakina Arusha, nimeambiwa nimwagie Coca-Cola.
Ina asidi kidogo ndo maana watu wanaisifia, ila sukari itakuachia gundi humo ndani. Kunywa tu chalii yangu.

— Na kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya bisibisi na skrubu?
Kinasaidia kichwa kikiwa kimelika kidogo. Kutu hakiiwezi.

— Nikishafungua naweza kushika waya?
Subiri kwanza, kapasita inaweza kuwa imebaki na chaji hata ukichomoa. Kama hujui kuitoa chaji mpe fundi redio hiyo sehemu.

— Skrubu mpya je?
Beba ya zamani dukani ulinganishe. Mashine za Uingereza za zamani nyingi zina tredi (ile mistari ya kuzunguka skrubu) za inchi, ukilazimisha ya milimita unaua tundu. Iingie kwa vidole kwanza, na upake grisi kidogo.

— Shangazi keshapata maandazi?
Bado, nasubiri kapasita. Kapiga simu mara mbili leo.