Baiskeli ya maunteni kwenye vilima vya Pugu Kazimzumbwi: jinsi ya kupanda, kushuka na kurudi na meno yote

Watu wa Dar wengi wakisikia baiskeli ya milimani mawazo yanakimbilia Usambara au Kilimanjaro, wakati hapo nyuma ya Gongo la Mboto kuna msitu wa vilima kabisa, Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu Kazimzumbwi, iko Kisarawe mkoa wa Pwani na inasimamiwa na TFS, yani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Toka katikati ya jiji ni kama kilomita 30 tu. Sasa vile vilima sio virefu, usidanganyike na neno hilo, havifiki hata mita 350 toka usawa wa bahari, lakini nimeona watu wenye mapafu ya farasi wanaotamba barabara ya Bagamoyo wakifika pale wanasukuma baiskeli kwa mkono. Shida sio urefu, shida ni ardhi. Ndani ya nusu saa unaweza kupita kichanga, udongo mwekundu, mizizi, na ule udongo mweupe wa kaolini, na kila mmoja una masharti yake. Ndo maana naandika haya.

Kwanza msimu. Masika ya Machi mpaka Mei achana nako, njia zinageuka mitaro na ukipita na tairi kwenye tope unachimba mfereji ambao maji yatakuja kuuongezea, yani unaharibu njia ya wenzako. Desemba mpaka Februari inapitika ila joto na unyevu vinaua, utatoka jasho mpaka usukani unateleza mkononi. Kuzuri ni Juni hadi Septemba, kukavu na kuna upepo wa kusi. Tatizo la kipindi hicho ni upupu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, ila kwa mgeni: ni mmea unaotambaa pembeni ya njia, maganda yake yana manyoya ya dhahabu, ukiyagusa utawashwa mpaka utamani kuvua ngozi. Vaa suruali au soksi ndefu na shati la mikono mirefu hata kama unajiona mwanaspoti. Ukishapata usijikune, ukijikuna unausambaza.

Baiskeli yenyewe sio lazima iwe ya mamilioni. Maunteni baiki ya mtumba yenye fremu nzima, gia zinazobadilika na breki zinazoshika inatosha kabisa. Cha kuangalia hasa ni mambo matatu. Tairi ziwe pana, kuanzia inchi 2 kwenda juu, zenye meno ya kutosha kung'ata ardhi, hizi za lami nyembamba acha nyumbani. Nyuma kuwe na gia kubwa yenye meno 34 au zaidi, maana kuna miinuko mifupi ambayo bila gia laini utashuka tu. Na breki, hapa nikae kidogo kwa sababu watu wanaumia: baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani breki ya mbele iko mkono wa kulia, zile za kutoka Ulaya bara na Marekani mara nyingi ya mbele iko kushoto. Ukiazima baiskeli ya mtu, kabla hujaingia msituni ibonyeze moja moja ujue ipi ni ipi, kwa sababu siku umeshtuka kwenye mteremko ukabana ya mbele peke yake ukidhani ni ya nyuma, unaruka juu ya usukani.

Upepo wa tairi ni kitu kidogo chenye faida kubwa na watu hawakijali. Fundi wa pembeni ya barabara atakujazia mpaka tairi inalia kama ngoma, afu ukifika kwenye kichanga gurudumu linaelea tu na kwenye mizizi linarukaruka. Kwa mtu wa kilo 60 mpaka 75 mwenye tairi pana zenye tyubu, jaribu PSI 28 mpaka 32 (ndo kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu). Usishuke sana chini ya hapo, tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe ikatoboka matundu mawili pembeni kwa pembeni. Na jamani bebeni pampu yenu. Kama tyubu zako zina zile valvu nyembamba, pampu ya fundi bodaboda haiingii, utabaki umeshika baiskeli unamwangalia na yeye anakuangalia.

Mkobani weka tyubu ya akiba, viraka na gundi yake, alenki (zile funguo za pembe sita), kipande cha waya na tepu ya kufungia chochote kitakachochomoka, maji lita 2 au 3 kwa mtu, na pakiti ya ORS au hata ndizi na chumvi kidogo. Simu ijae chaji. Helmeti sijadili.

Kufika: ukitoka mjini kwa kuendesha, Barabara ya Nyerere ina malori na daladala zisizo na huruma, kwa iyo toka alfajiri kabisa au kodi kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mgawane wanne watano na baiskeli zenu nyuma, mi nashauri kirikuu. Ukipita Gongo la Mboto unafika Pugu Kajiungeni, pale barabara zinagawana, moja inaenda Chanika na nyingine Kisarawe, we shika ya Kisarawe. Ni huko huko Pugu Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha kabla hajaacha ualimu 1955 akazama kwenye siasa. Ukifika ofisi ya hifadhi lipa kiingilio kwa control number, chukua risiti, na uliza njia zipi zimefunguliwa kwa baiskeli siku hiyo. Ukiwa mara ya kwanza chukua muongozaji, njia za wapasua kuni zinachanganya sana na zote zinafanana.

Sasa kuendesha kwenyewe. Mwinuko: badilisha gia kabla hujaanza kupanda, sio katikati pale cheni imeshabeba uzito wako wote, utaikata. Kaa kwenye siti, sogea mbele kidogo mpaka ncha ya siti uihisi, pinda viwiko, kanyaga taratibu kwa mzunguko usiokatika. Ukisimama juu ya pedali kwenye changarawe, tairi la nyuma linakosa uzito, linazunguka bure na umekwama. Kichanga ni kinyume cha akili inavyotaka: unapokiona ongeza mwendo kidogo kabla, weka gia nyepesi, sukuma makalio nyuma, usukani uulegeze uuache ucheze cheze, na usipige kona ghafla. Anayeng'ang'ania usukani kwenye kichanga ndo anaanguka.

Mteremko: shusha siti vidole vitatu vinne, simama juu ya pedali zikiwa sambamba, moja mbele moja nyuma, magoti yamepinda, makalio nyuma ya siti kadiri mteremko unavyozidi. Kidole kimoja au viwili kwenye kila breki, vingine vishike usukani. Punguza mwendo kabla ya kona wakati baiskeli bado imenyooka, ukifika kwenye kona yenyewe achia. Breki ya mbele ndo inayosimamisha hasa, usiiogope, ila ibane polepole na kwa kushirikiana na ya nyuma. Macho yaende mbele kule unakotaka kupita, ukikodolea kisiki utakifuata kisiki. Mizizi ivuke kwa kuikata moja kwa moja, tairi limenyooka, ukiipita kwa mshazari hasa asubuhi ikiwa na umande tairi linateleza kabla hujasema mama.

Karibu na mapango ya popo ndo unakutana na kaolini. Yale mapango sio ya asili, ni mashimo ya kuchimba huo udongo mweupe, Wajerumani ndo walianza, sasa hivi wamehamia popo. Ikiwa kavu unapita vizuri tu. Ikilowa hata kidogo, shuka, tembea. Hakuna mbinu hapo, nasema kweli, hata tairi mpya halisaidii. Na usiingie mapangoni bila muongozaji.

Mwenye kupisha ni wewe. Utakutana na kina mama na mizigo kichwani, wanafunzi, bodaboda na magunia. Piga kengele mapema, punguza, msalimie mtu, "shikamoo mama, naomba kupita", usimpite kwa kasi, mtu aliyebeba kitu kichwani hawezi kugeuka. Na usijifungulie njia yako mpya vichakani. Huu msitu umeshakatwa sana kwa mkaa, na humo kuna komba mdogo wa Rondo ambaye anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, mchana hutamwona, yuko kwenye vichaka hivyo hivyo unavyotaka kukatizia.

Panga uwe umeshatoka msituni saa nne au saa tano asubuhi, jua likipanda halina mchezo. Waliobaki mpaka jioni kuangalia popo wakitoka waje na taa, mbele na nyuma, giza la huku linaingia haraka na barabara ya kurudi ina malori. Ukifika nyumbani osha kichanga kwenye cheni siku hiyo hiyo, ikauke, ndo uweke mafuta, kidogo tu, afu futa yaliyozidi. Ukipaka mafuta juu ya mchanga umetengeneza msasa, na gia za nyuma sasa hivi sio bei rahisi.