Jinsi ya Kuukatia Bima Mkusanyo Wako wa Vitabu vya Katuni Ukiwa Mwanza

Ukiingia katika ofisi ya bima hapa Mwanza na kusema kwamba unataka kukatia bima vitabu vya katuni, usishangae ukiombwa urudie ulichosema. Bima inayopatikana kwa urahisi ni ile ya nyumba na vitu vya ndani, ambayo hata mpangaji anaweza kuikata kwa ajili ya vitu vyake peke yake bila kuhusisha jengo la mwenye nyumba, na mkusanyo wa katuni huingia humo kwa kuorodheshwa waziwazi. Ikiwa una desturi ya kutoka na vitabu vyako, kwa mfano kuvipeleka kwenye maonyesho au kwa mkusanyaji mwenzako aliyeko Bukoba, utahitaji pia nyongeza inayoitwa bima ya hatari zote, kwa sababu bima ya vitu vya ndani kwa kawaida hukomea mlangoni.

Andaa orodha kabla ya kwenda ofisini

Hii ndiyo hatua inayochukua muda mrefu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua kama siku ya hasara utalipwa au utapewa pole. Mara ya kwanza nilipoomba, niliandika katika nafasi ya maelezo ya mali: “majarida na vitabu vya katuni, takriban 400, vimo kwenye tranka.” Afisa aliisoma fomu, akaniuliza kwa upole, “Samahani kaka, ni zile karatasi zinazofungiwa karanga pale stendi?” Sikumlaumu, kwa kuwa nilichomwandikia hakikutofautiana na mzigo wa magazeti ya kupima kwa kilo. Nilirudi nyumbani Kirumba na fomu yangu, nikakaa wiki tatu nikiandika upya.

Kila kitabu kiwe na mstari wake. Andika jina la chapisho, namba ya toleo, mwezi na mwaka, mchapishaji na mji wake, lugha, mahali ulipokipata na lini, bei uliyolipa, thamani yake ya leo, na namba ya picha uliyokipiga. Kisha andika hali ya kitabu, na hapo usione haya kutaja kasoro. Nina nakala moja ya jarida la katuni la Sani ninayoithamini kuliko nyingine zote: pini zake mbili zimeota kutu na kuacha duara la rangi ya chai katika kurasa za katikati, kona ya chini upande wa kulia imeliwa na mende kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, na juu ya jalada mwenyewe wa kwanza aliandika herufi za jina lake kwa kalamu ya bluu. Kasoro hizo zinaishusha bei, lakini ndizo zitakazonisaidia kumwonyesha askari kwamba nakala iliyokamatwa ikiuzwa katika soko la Mlango Mmoja ni yangu na si ya mtu mwingine. Kitabu kisicho na alama yoyote ni kizuri kabatini, ila ni kigumu kukitambua kikishaibwa.

Piga picha mchana karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya kamera, kwa sababu majalada yanayong'aa hurudisha mwanga na kuficha mikunjo. Picha nne kwa kila kitabu cha thamani zinatosha: jalada la mbele, la nyuma, ukurasa wa katikati ambako pini zinaonekana, na kasoro kuu ikiwa na rula pembeni. Vitabu vya kawaida unaweza kuvipiga kumi kumi vikiwa vimepangwa mezani, mradi majina na namba za matoleo zisomeke.

Namna ya kupata thamani

Kwa katuni za Marekani kazi hii ni nyepesi zaidi. Kitabu cha bei cha Overstreet kimekuwa kikichapishwa tangu mwaka 1970, na kampuni ya CGC hupima hali ya kitabu kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha hukifunga katika kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Ikiwa unacho kitabu cha namna hiyo, namba ya cheti iingie katika orodha. Thamani uliyoipata kwa dola igeuze kuwa shilingi, ukitaja tarehe ya kiwango cha kubadilishia fedha ulichotumia, na ueleze kando gharama ya kuagiza nakala nyingine hadi ikufikie Mwanza, kwani nauli na ushuru wakati mwingine huizidi bei ya kitabu chenyewe.

Ugumu uko kwa katuni zetu. Mwenye kurundika matoleo ya Sani au Kingo, au majarida ya Joe yaliyoanza kutoka Nairobi mwaka 1973, hana kitabu cha bei cha kumwonyesha afisa. Hapo ushahidi hujengwa kidogo kidogo: risiti pale zilipo, ujumbe wa simu wa malipo, mazungumzo ya maandishi mliyokubaliana bei na muuzaji, na barua za watu wawili wanaonunua na kuuza machapisho ya zamani, kila mmoja akieleza kwa maandishi na sahihi yake kwamba angelinunua au kuliuza toleo fulani kwa kiasi gani. Bei ambayo rafiki yako aliitaja kwa mdomo ukaikataa haihesabiki.

Usipunguze thamani ili ada iwe ndogo. Hati nyingi za bima ya mali zina kanuni ya wastani, ambayo hufanya kazi hivi: mkusanyo una thamani ya shilingi 6,000,000, wewe ukaukatia bima ya 3,000,000, kisha vikaibwa vitabu vya shilingi 2,000,000. Kampuni itahesabu kwamba umekatia nusu tu ya mali, hivyo itakulipa nusu ya hasara, yaani 1,000,000, hata kama ulidhani kwamba hasara yako haikufikia kikomo. Kuzidisha thamani nako hakukufaidishi, kwa kuwa fidia hukurudisha ulipokuwa na haikuongezei kitu, ilhali ada ya ziada umekwisha kuilipa.

Kuchagua kampuni na kuuliza maswali

Biashara ya bima nchini inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Hakikisha kwamba kampuni, wakala au dalali unayeongea naye amesajiliwa. Tofautisha pia wakala na dalali: wakala huuza kwa niaba ya kampuni, wakati dalali hukuwakilisha wewe mteja na anaweza kukutafutia masharti katika kampuni kadhaa. Kwa mali isiyozoeleka kama hii, mimi huona dalali ana faida zaidi.

Maswali yafuatayo yaulize kwa maandishi na uombe majibu kwa maandishi. Je, kampuni itakubali kulipa kwa thamani iliyokubaliwa, yaani kiasi kilichoandikwa mbele ya kila kitabu, au itataka kuthamini upya baada ya hasara? Je, kuna kikomo cha kitu kimoja? Hati nyingi husema kwamba kitu chochote ambacho hakikutajwa peke yake hakitahesabiwa kuwa na thamani inayozidi asilimia 5 ya jumla ya bima, na toleo lako la nadra laweza kuangukia hapo. Ukipoteza matoleo matatu kati ya seti ya kumi na mawili, utalipwa matatu peke yake au kushuka kwa thamani ya seti nzima kutatazamwa? Wizi usioacha alama ya kuvunja mlango au dirisha unalipwa? Nyumba ikikaa bila mtu, ni baada ya siku ngapi bima ya wizi husimama? Mara nyingi ni siku 30, jambo linalomhusu sana mtu anayefunga nyumba mwezi mzima kwenda kijijini Ukerewe.

Kuhusu maji uliza kwa undani, maana mji wetu una maji ya aina nyingi. Kuna mafuriko ya Mto Mirongo unaopita katikati ya mji, kuna maji yanayoteremka kwenye mawe na kuingia nyumba za mlimani wakati wa masika, kuna bomba lililopasuka, na kuna bati linalovuja. Hayo manne yanaweza kuwa katika vifungu vinne tofauti, na mengine yakahitaji nyongeza. Unyevunyevu, ukungu, mchwa, mende na panya kwa kawaida havilipwi kabisa, kwa sababu huhesabiwa kuwa uharibifu wa polepole ambao mwenye mali angeweza kuuzuia. Kwa hiyo tranka likae juu ya chaga au matofali, mbali na ukuta wa nje.

Kujaza fomu ya maombi

Utahitaji kitambulisho cha Taifa, namba ya mlipakodi ikiwa unayo, namba ya simu, na anwani ya makazi yenye mtaa, kata na namba ya nyumba. Utaulizwa kuhusu ukuta, paa, nondo za madirisha, aina ya kufuli na mlinzi. Jibu kweli tupu. Bima husimama juu ya nia njema ya pande zote mbili, na ukificha kwamba uliwahi kuibiwa, au kwamba unauza baadhi ya vitabu hivyo kibiashara, kampuni inaweza kukataa madai yako hata kama jambo ulilolificha halikusababisha hasara. Usitie sahihi fomu tupu ukamwachia wakala aijaze baadaye, hata akiwa jirani yako.

Ambatanisha orodha, ukiweka namba na sahihi katika kila ukurasa, na katika fomu yenyewe andika “kama ilivyo katika orodha iliyoambatanishwa, kurasa kadha,” ili orodha iwe sehemu ya mkataba. Dai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni inaweza kumtuma mkaguzi nyumbani. Mwandalie meza safi na umwombe anawe na kukausha mikono kabla hajagusa kitu. Aliyekuja kwangu alicheka kwanza, kisha akasimama nusu saa nzima akisoma.

Ukikubaliwa, utapewa ada iliyokokotolewa kwa asilimia ya thamani, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Kwa kiwango hicho, ada ya shilingi 60,000 itakuwa 70,800. Lipa katika akaunti au namba ya malipo ya kampuni yenyewe, kamwe si kwenye simu ya wakala, na ujue kwamba kinga haianzi kabla ya ada kulipwa. Hati ikitoka, isome kifungu kwa kifungu, na kosa lolote la jina, tarehe au thamani liombee marekebisho ya maandishi.

Hasara ikitokea

Ukiibiwa, usipange upya chumba. Piga picha mlango au dirisha lilivyovunjwa, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo, toa maelezo ukiwa na orodha yako, na uchukue namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Iarifu kampuni mara moja, kwa simu na kwa barua, ndani ya muda uliotajwa katika hati. Kama ni maji, vitabu vilivyolowa usivitupe wala usivianike juani kabla ya kupiga picha na kumwonyesha mkaguzi. Kitabu kilichotupwa ni vigumu kukidai.

Fidia ikikataliwa au ikapunguzwa bila sababu unayoielewa, lalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi. Usiporidhika, peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya sheria ileile ya 2009, ukiambatanisha hati, orodha, namba ya RB na barua zote mlizoandikiana. Usitie sahihi karatasi inayosema umepokea malipo kamili wakati bado unabishana juu ya kiasi.

Bima hii kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Mwezi mmoja kabla haijaisha, ongeza vitabu ulivyonunua, ondoa ulivyouza, pitia thamani upya, na uipeleke orodha mpya pamoja na ombi la kuhuisha. Nakala ya orodha na picha zisikae katika nyumba moja na tranka. Zangu ziko kwa shangazi yangu Sengerema, kwenye bahasha ya kaki, na kila mwaka humpelekea bahasha mpya na kurudi na ile ya zamani.